Safu za Chini

Nililipwa elfu nne kwa shimo.
Mita moja kwenda chini, kuta zisimame wima.
"Usibomoe ukingo," alisema Nakijwa wa maabara,
"tunataka kuusoma kama ulivyo."
Nikacheka. Huku Mkuzi udongo hulimwa,
hukandikwa ukutani, hufukiwa maiti.
Kusomwa, ndiyo kwanza nasikia.

Shamba lenyewe ni machungwa mia mbili na sita.
Hati ina jina la baba: Semhando bin Mhina.
Jina la mama halimo.
Halikuwamo popote, ukiacha kadi ya kliniki.

Mti wa kwanza tuliuangusha ili upimwe:
shina, matawi, majani ndani ya magunia.
Mizizi tuliifukua kwa jembe, kisha kwa vidole,
hata ile myembamba kama uzi wa kushonea.
Nakijwa akabofya kikokotoo:
"Ukishakauka, karibu nusu ya uzito ni kaboni.
Ni hewa hii hii, kaka. Mti umeivuta, umeikalisha."
Nikautazama ulivyolala,
miaka thelathini ya pumzi,
za mbuzi, za malori yaendayo Horohoro,
na za baba, aliyekohoa alfajiri
akihesabu matenga yasiyonunuliwa.

"Na naitrojeni?" nikauliza, nionekane nami nimo.
"Hiyo haina adabu ya kukaa.
Imwage kwa pupa: nyingine itapaa, nyingine itafuata maji."

Nikaukumbuka mwaka ule wa mbolea ya mkopo.
Mfuko mmoja, chumvichumvi nyeupe.
Bwana shamba alisema kopo moja kwa mti, mbali na shina.
Baba akaumwaga wote kwenye mchungwa wa mlangoni
ili wapita njia waone.
Majani yakaungua kingo
kama karatasi iliyosogezwa karibu na koroboi.
Deni tulililipa misimu mitatu.

Mama hakusema kitu.
Alibeba kibuyu cha mbegu akashuka safu za chini,
ambako baba hakufika kwa kuogopa siafu,
akapanda kunde katikati ya machungwa.
Tulikula majani, tukala kunde zenyewe.
Mashina aliyakata akayalaza palepale,
mizizi hakuing'oa.
"Iacheni, haijamaliza kazi."
Siku moja alinipasulia kinundu kwa ukucha:
ndani chekundu, kama ufizi wa mtoto.
Hakujua kinaitwaje.
Baba aliyaita yote hayo "mboga za mama yenu."

Majibu yalirudi baada ya masika.
Nakijwa alikalia ndoo iliyopinduliwa, karatasi magotini.
Mchungwa wa mlangoni: hamna cha kutaja.
Safu za juu: wastani, wastani, wastani.
Kisha kidole kikasimama.
"Shimo la tisa, la kumi, la kumi na moja.
Weusi huu umeshuka hadi sentimita arobaini.
Humu mna kaboni kuliko iliyomo kwenye miti yenyewe,
na naitrojeni imetulia nayo.
Nani alilima hapa?"

Wiki ile kaka zangu walikuwa wameshaliuza.
Hati ilitoka kwa mwanamume ikaenda kwa mwanamume,
na mnunuzi alikuwa akiulizia bei ya mkaa.

"Andika Mwantumu," nikasema.
Fomu haikuwa na nafasi ya jina kama hilo.
Akaliandika pembeni, kwa penseli,
palipoandikwa Matumizi ya awali ya ardhi.

Jioni nilifukia mashimo,
wekundu chini, weusi juu, kama nilivyoelekezwa.
La kumi na moja halikujaa.
Sehemu yake ilikuwa imeshasagwa kule mjini,
imechomwa, imehesabiwa, imerudi kuwa hewa.
Nikaenda jikoni,
nikarudi na ungo wa maganda ya kunde,
nikajazia.