Ukucha wa Nne

Mezani hapa sungura hana jina.
Ana namba, imechanjwa sikioni kwa sindano na wino,
ana uzito wake, na subira yake fupi.
Hadithi humwita mjanja.
Ujanja humwishia pale miguu inapogusa zulia
tulilotandika juu ya meza asiteleze.

Mimi ni karani. Nakaa kushoto kwa Rümmler,
kalamu mkononi, kadi mbele, mdomo nimeufunga.
Ukumbi wa mazoezi wa shule, Saksonia, Novemba:
kamba za kupandia zimefungwa juu darini,
golini wamepanga vizimba, ghorofa juu ya ghorofa.
Harufu ya nyasi kavu, kahawa, makoti yaliyoloa.

Jannik analeta. Rümmler anapokea,
mkono mmoja mabegani, mwingine chini ya makalio,
kama mtu anayepokea mtoto asiye wake.
Mizani kwanza. "Tatu na robo tatu." Naandika.
Anamgeuza chali, anafunua midomo kwa kidole gumba:
meno ya juu yapite mbele ya yale ya chini,
yasigongane uso kwa uso kama mafahali.
Anatazama jinsia, maana kadi hudanganya
na mwenye kadi hudanganyika.
Kisha kucha. Zote kumi na nane.
Kisha anamwachia, anasubiri
mnyama akumbuke umbo lake.

Halafu anapuliza.
Mzee wa miaka sabini na kitu
anainama kama anayeamsha moto jikoni,
na manyoya yanafunguka duara:
juu weusi wa makaa, chini samawati ya moshi,
chini kabisa ngozi.
Anapapasa kutoka mkiani kwenda shingoni, anaachia,
anapima kimoyomoyo
yanachukua muda gani kurudi kwao.

Alaska, ndivyo wanavyoitwa weusi hawa,
na Alaska hawajaiona, wala babu zao;
walianzia huku huku, kwa watu waliotaka
usiku wenye masikio.
Unywele mweupe mmoja: "Andika."
Kiraka kidogo kilichonyonyolewa jana usiku kwa kibano:
anakigusa, anatabasamu, "Andika."

Kisha Jannik akaleta sabini na moja.

Chama chetu kina watu tisa, makarani hawatoshi,
ndiyo maana nilikuwa pale, mimi,
na mume wangu Ewald yuko jikoni anageuza soseji,
hakuruhusiwa kusogea.
Rümmler hakujua ni wa nani. Hiyo ndiyo sheria.
Mimi nilijua. Nilijua na jambo jingine:
asubuhi, nikimfuta miguu kwa kitambaa,
mguu wa nyuma wa kulia, ukucha wa nne,
mweupe kama punje ya mchele.
Ewald macho yake yamechoka. Kiwi ya viatu ilikuwa dirishani.
Niliishika kopo. Nikairudisha.
Nikajiambia, kazi ya kuona si yangu.

Uzito, kumi. Umbo, karibu kumi zote mbili.
Akapuliza, akanyamaza, akapuliza tena kwa raha tu.
Akageuza miguu, akainua miwani, akaishusha.
"Kucha safi," akasema. "Andika."

Kalamu ina uzito, sikuwahi kuipima.

"Wa kulia nyuma," nikasema. "Wa nne."
Karani hasemi. Jannik alinitazama
kana kwamba meza ndiyo iliyosema.
Rümmler akauleta mguu karibu na taa, karibu na pua,
akakaa hapo kitambo.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti jeupe,
na mkono wake wa pili haukumwachia sungura.
"Nje ya mashindano," akasema. Kisha chinichini: "Asante."
Nikaandika. Mwandiko wangu mzuri, kama siku zote.

Jikoni Ewald akapangusa mikono yenye mafuta,
akaishika kadi mbali, akaileta karibu.
"Ukucha mweupe?" Akacheka, akatikisa kichwa.
"Rümmler huyu. Bado ana macho."

Nikachukua soseji, nikapaka haradali.
Bado anayo, nikasema.