Kuzungushwa

Dirisha la tatu, Bilbao, mwezi wa saba, foleni inanuka jasho na wino.
"Stashahada ya ufundi? Nenda dirisha la tano."
La tano lilikuwa na pazia, na nyuma ya pazia
mtu anatafuna tufaha: "Rudi la tatu, mama."
Nina miaka ishirini na sita. Mama!

Sikukasirika sana. Kazi yangu ni kerezo.
Miaka sita kule Eibar, bondeni, ambako viwanda
vimepandana juu ya mto kama vitanda vya bweni,
nimekibana chuma kwa taya tatu za mashine
nikakizungusha mara elfu na mia mbili kwa dakika,
wala hakijawahi kunipigia kelele
isipokuwa siku nilizokifunga upande.
Kinachozungushwa kikiwa kimekaa katikati
hakitikisiki.
Basi nikakaa katikati.

Karani Iñaxi, miwani kifuani kwa kamba,
akajumlisha alama zangu kwa kalamu ya risasi:
kumi na mbili na robo, katika kumi na nne.
Akainua macho, akayashusha kwenye kucha zangu
(weusi ule hautoki, hata kwa ndimu),
akagonga muhuri kama anayeua nzi.

Nyumbani, Baba hakusema hongera.
Alizima redio. "Kwa hiyo, Garazi, utakuwa mmoja wao,
wale wanaotuletea michoro isiyochongeka."
Kisha akaenda kuosha sahani
ambazo nilikuwa nimeshaziosha.

Wenzangu darasani wana miaka kumi na minane,
hesabu wamezinyonya pamoja na maziwa.
Mimi, ile alama yao ndefu,
herufi S iliyovutwa shingo,
naiona kama ndoano ya bucha.
Mwalimu wa fizikia hupenda kusema "ni wazi kwamba",
na kila kwake kunapokuwa wazi, kwangu kunafungwa.
Jaribio la kwanza nilipata mbili nukta nane, katika kumi.
La pili sikwenda.
Nilikaa kituoni, treni tatu zikapita,
natunga maneno ya kumwambia Josune mwenye karakana:
nilikwenda kutembea tu, nirudishie aproni yangu.

Halafu Novemba, manyunyu yale yasiyoamua kuwa mvua.
Mhadhiri Etxaniz anachora mstari uliopinda,
chini yake mhimili.
"Tuuzungushe," anasema, "tutafute ujazo."
Kimya. Mtu anabofya kalamu.
"Ukateni vipande vyembamba. Vyembamba kuliko karatasi.
Kila kipande ni kisahani. Vijumlisheni vyote."

Mkono wangu ulielewa kabla yangu.
Kifundo kilijisogeza chenyewe juu ya dawati
kama kinasukuma kisu cha mashine, unywele kwa unywele,
na ule mstari haukuwa mstari tena, ilikuwa shingo ya vali,
ile ya oda ya Wadenmaki, elfu nne na mia tatu,
niliyoichonga baridi nzima nikiwa na mafua.
Ujazo wake niliujua kwa uzito wa ndoo ya vinyoleo.
Hawa wanaiandika; mimi nilikuwa naifagia.

Niliandika jibu haraka.
Nilikosea. Nilisahau pai.
Lakini umbo lilikuwa langu, na Etxaniz akapita,
akaiongeza kwa penseli bila kusema neno,
kama mtu anayekurudishia kofia uliyoiangusha.

Jumamosi bado nakereza, kodi ya chumba haijui shahada.
Juzi Baba alikuja na mchoro kutoka ofisi ya juu,
akaukunjua juu ya meza yangu, kidole kwenye kona moja:
"Hapa wamepinda. Kwa nini wasikate tu pembe,
tukamaliza mapema tukaenda kula?"

Miaka thelathini na moja anachonga kona hizo.
Hajawahi kumwuliza mtu.

Nilimweleza nusu: pembe kali ndipo ufa huzaliwa.
Nusu nyingine iko sura ya saba,
mtihani Januari.
"Basi isome," akasema, akaukunja mchoro
taratibu, kwa mikunjo yake ya zamani.