Njema, Lakini

Chuo kilitugawia saa za mkononi,
nyeusi, nyepesi, mkanda wa mpira.
Tukatia saini ukumbini, tukapigwa picha.
Itahesabu usingizi, walisema,
itasikiliza moyo unavyokwenda,
na ikiona mtu anazama itamwambia Bi Rukiya
wa ushauri, ghorofa ya kwanza, mlango wa buluu.

Kila alfajiri simu huniuliza: U hali gani?
Nyuso tano zimejipanga,
kutoka anayecheka hadi anayelia.
Nami nimelelewa Majengo.
Nimefunzwa kwamba hata matangani
ukiulizwa habari husema njema kwanza,
ndipo lakini ije, polepole, ikishavua viatu.
Basi hubonyeza anayecheka.
Programu haikuundwa kungoja lakini.

Ila saa haina adabu hizo.
Saa tisa usiku, Tudor kimya,
feni inazungusha joto lile lile,
karo inadaiwa, baba hana kazi tangu Januari,
na kile kitaa cha kijani chini ya kifundo changu
kinaandika: macho. Macho. Macho.

Usiku wa nne nikaivua
nikamvisha Kadzo wa kitanda cha pili,
Kadzo wa Rabai, alalaye kama mzigo ulioshushwa.
"Nilalie," nikamwambia.
Akacheka. Akanilalia.
Asubuhi: Hongera! Masaa manane!
Wiki mbili nikawa mzima
kwa mkono wa mwenzangu.

Jumatano simu ikalia
kabla sijabonyeza uso wowote.
Bi Rukiya.
"Jana hukupata hata lepe la usingizi."

Nikageuka.
Kadzo ameketi, mgongo ukutani,
saa mkononi, macho mekundu,
blanketi yake iko juu yangu.
Usiku kucha alikuwa akinitazama nisivyolala.
"Wewe huzungumza na dari," akasema.
"Nimechoka kukulalia."

Kumbe mashine imesema kweli yangu
kwa mshipa usio wangu.

"Upo?" Bi Rukiya akauliza. "Habari za asubuhi?"
"Njema," nikasema.
Hakukata. Hakuniambia nipumue.
Nikasikia kalamu ikilazwa mezani,
kiti kikivutwa,
nje muuza mahamri akigombana na mlinzi wa lango.
Alikuwa anangoja.

"Lakini," nikasema.