Kabla ya Upepo wa Ziwa

Saa moja na nusu. Upepo wa usiku umeshalala,
wa ziwani bado haujaamka.
Kirumba yote imeshika pumzi.
Moshi wa wakaanga samaki unapanda wima kama fimbo,
na kule mbali, juu ya maji, usubi umesimama nguzo nguzo,
hauna wa kuusukuma.

Wavulana wamekaa juu ya jabali,
tiara zao za magazeti zimelala kifudifudi,
mikia ya matambara imejikunja kama nyoka walioshiba.
"Fundi," ananiambia Masalu, mtoto wa jirani,
"rudi saa sita. Saa hizi hakuna kitu."

Hicho hakuna kitu ndicho nilichokifuata.

Hii yangu haina mkia.
Niliikata kwenye karatasi ya kukatia gauni la Nyamizi,
gauni la sendofu. Alilipa elfu kumi, akapotea.
Bawa la kushoto bado lina mstari wa kwapa, chaki ya bluu;
la kulia limeandikwa kifua 36, kiuno 28.
Fito ni za tete, nilizikwangua kwa wembe
hadi mwanga ukazipita.
Puani, pini mbili zenye kichwa, ipate uzito wa kujua inakokwenda.
Uzi ni ule ule wa cherehani.

Sikufundishwa na mtu.
Karatasi iliteleza mezani siku umeme umekatika,
sindano imenasa pembeni, uzi umo,
na badala ya kuanguka, ikaenda. Ikavuka kizingiti
taratibu, kama mgeni aliyekosea nyumba.
Nikavuta uzi nisiipoteze,
ikapanda.

Basi ni hivi, Masalu, sogea uone:
ukivuta, inapanda. Ukilegeza, inaondoka.
Wewe umezoea tiara inayokuvuta mkono,
mnashindana kama mbuzi na kamba yake.
Hii haikuvuti. Hii unaisikiliza kwa ncha ya kidole,
kama mimi ninavyopima joto la pasi.
Vuta. Kidogo, kama unapitisha uzi kwenye tundu la sindano.
Sasa iache.
Iache, nimesema!
Uzi ulegee hadi udhani umekatika.
Itazame inavyolalia ubavu, inavyoteleza juu ya mabati,
juu ya korongo wa jalalani, yule mwenye upara, anayegeuza shingo
kumkagua ndege asiye na njaa.
Itakwenda mpaka ianze kushuka kwa uchovu.
Hapo ndipo unaiita.

Aliivuta kwa pupa, ikapiga jabali kwa pua.
Akaivuta tena. Mara ya tano
alirudi nyuma hatua tatu, mdomo wazi,
nayo ikamzunguka kichwani mara moja, nzima,
mduara ambao mimi sijawahi kuupata.
Sikumwambia.

Saa nne kasoro, maji yakabadilika rangi upande wa Kamanga,
mstari mweusi ukaja mbio.
Wavulana wakaruka na magazeti yao, kelele tupu.
Mimi nikaikunja yangu: upepo ule
ungeivunja mbavu kabla sijamaliza kuita jina lake.
(Haina jina.)

Nilipofika dukani, Nyamizi alikuwa mlangoni,
amekonda, au amenenepa, sikujua, amebadilika tu,
anaulizia gauni. Akaiona karatasi kwapani mwangu,
akasoma kiuno chake cha mwaka juzi juu ya bawa.
Hakucheka mara moja.
"Na hii inaruka?"

Nikamwambia anyooshe mikono.
Nikashusha futi shingoni, nikatafuta chaki,
nikaanza upya:
kifua.