Kibindo

Paja la kushoto, upande wa nje,
hapo ndipo moto ulipopanga chumba.
Haukulipa kodi. Haukuonekana.
Ukitazama ngozi utasema ni nzima:
hakuna uvimbe, hakuna kidonda,
ila khanga ikigusa tu naruka
kama aliyepita kwenye upupu.

Miaka kumi na tisa nachuma chai Kyimbila,
aproni ya plastiki kiunoni, imekazwa kwa kamba ya katani,
maana mvua ya Rungwe haipigi hodi.
Na chini ya kamba, kibindo:
hela ya kikoba, hela ya ada ya Lugano,
noti zilizokunjwa na kukunjwa tena
hadi zikawa ngumu kama kokwa la parachichi.
Akiba haiozi, tulifundishwa.
Hakuna aliyesema inauma.

Dada yangu Subilaga alisema ni baridi yabisi.
Mke wa mchungaji akasema ni damu imelala.
Nikakanda kwa maji ya moto,
nikapaka dawa ya kuchua inayonuka karafuu.
Moto ukapokea wageni.

Mbeya, chumba cha nyuma ya maabara.
Kijana wa viungo, Ambakisye, mikono yake baridi,
akanipapasa kwa kipande cha pamba.
Hapa?
Hapa naisikia.
Na hapa?
Hapo kama paja la mtu mwingine.
Kila niliposita akaweka nukta ya wino,
kisha akaziunganisha,
mchoro ukatoka mrefu, mwembamba, umepinda kidogo,
Ziwa Nyasa kabisa, lile la ramani ya darasa la nne.

Akaniambia kuna mshipa wa fahamu
unaoshuka kutoka mgongoni,
ukifika kwenye nyonga unapita mlango mwembamba.
Akaweka kidole. Nikapiga kelele.
Kidole kilikuwa juu ya kibindo.

Tutajaribu leza, akasema.
Mimi nikasikia Loleza,
nikageukia dirishani kuutafuta mlima;
siku hiyo ulikuwa umejifunika ukungu hadi shingoni.
Akacheka. Akanivika miwani ya kijani.

Nilijiandaa kuungua.
Nilikuwa nimeuma ncha ya khanga.
Mwanga ukaja, mwekundu, mdogo kama punje ya mtama,
ukakaa juu ya ngozi
na haukuwa hata na joto la pumzi ya kifaranga.
Dakika moja kwenye kila nukta.
Mashine ikilia, anasogea,
toka pwani hadi pwani ya lile ziwa la wino,
nami nimelala nikiwaza:
kinachoniunguza hakina moto,
na hiki kinachotaka kuuzima nacho hakina maji.

Sikuahidi, mama, alisema akifuta kifaa.
Wengine hupona. Wengine huniaga vilevile walivyokuja.
Ila hicho kibindo kihamishe.
Shilingi elfu kumi na mbili.
Nikakifungua kumlipa.
Tukatazamana.

Nilirudi mara nane.
Mara ya tatu sikuona tofauti, nikalia chooni,
si kwa maumivu, kwa hela.
Mara ya sita nililala ubavu wa kushoto
na sikujua hadi jogoo.

Kisha Jumanne moja, katikati ya mistari ya chai,
sisimizi akanipanda pajani.
Nikamsikia. Miguu yake yote.
Wenzangu wakanipita na vikapu, msimamizi akaita jina langu,
nami nimesimama kama mtu anayesomewa barua.

Ni ule mwanga? Ni kamba niliyoilegeza?
Lugano, anayesoma sayansi kwa hela ileile,
anasema huwezi kujua, mama,
ulibadilisha mambo mawili kwa mpigo.
Basi sijui.
Kaskazini mwa ziwa, pande za Kyela, moto umezimika.
Kusini, jirani na goti, bado ganzi;
nikipagonga panajibu kwa kuchelewa,
kama mtu aliyeitwa akiwa shamba la mbali.

Hela nimehamishia kwenye kitambaa cha kichwa.
Subilaga ananicheka:
subiri shingo.