Mpangaji wa Sanduku la Mita

Alfajiri, siku ya zamu yetu ya maji.
Ziwa lipo pale chini, unaliona lote
ukisimama kwenye jiwe tunaloanikia nguo,
na bado bomba la Mabatini linakohoa
kabla ya kutema kikombe kimoja.
Nimeinama kwenye tuta la matembele
nikitafuta mpira ulipotoboka.
Mkono ukashika kitu cha baridi.
Kikapumua.

Sikupiga kelele. Ndivyo ninavyowaambia majirani.
Kweli yenyewe: nilimwita mama yangu,
ambaye tulimzika Magu mwaka juzi.

Chura. Mpana kama kiganja cha mwanamume,
rangi ya mwamba ambao haujanyeshewa,
mgongo una madonge
kama ugali wa mtu mwenye haraka.
Na macho! Miaka arobaini na moja sikujua
kwamba chura ana dhahabu machoni,
dhahabu ileile shemeji zangu wanayoifuata Geita
wakarudi na kikohozi.
Yeye kaivaa bure, kaketi topeni,
ananitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake
bila hodi.

Mama Nyabise akanipitishia chumvi juu ya ukuta,
imefungwa kwenye gazeti.
"Mwagie. Hao huwa wanatumwa."
Nikaipokea, chumvi ya jirani haikataliwi.
Jioni nikaitia kwenye furu.

Alihamia sanduku la mita, chini ya mfuniko,
mahali penye unyevu na giza lisilo na kodi.
Lufunga, msoma mita, akafunua kwa ncha ya kiatu,
akaruka,
kitabu kikaenda kulala kwenye mchicha.
"Dada, umeweka nini humu?"
"Mpangaji."
Akaandika kwa makisio, akiwa amesimama barabarani.
Mwezi ule nililipa elfu kumi na nane
kwa maji ambayo hata sufuria haikuyaona.

Kisha vuli ikafunguka.
Walitoka wapi wote wale?
Wadogo kama kifungo cha koti, wamebandikwa
kwenye majani ya magimbi;
mmoja ndani ya kandambili ya Nyamizi;
na usiku mzima, kutoka mtaroni mpaka chini Mirongo,
huyu anagonga bati, yule anavuta mlango usio na mafuta,
na wangu, wa sandukuni, sauti nzito,
anakoroma akiwa macho.
Wanasema kelele za chura
hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Sawa. Mimi sina ng'ombe.
Nina zamu ya saa kumi na mbili kiwandani, minofu ya sangara,
na sikulala.

Nyamizi alileta viluwiluwi kwenye chupa ya juisi,
akaiweka dirishani, akawa anawahesabu
kabla ya kuhesabu madaftari yake.
Siku moja: "Mama, mkia unakwenda wapi?"
Nilikuwa naparua magamba ya sato.
Nikasema: "Anauvaa kwa ndani."
Akaridhika. Mimi ndiye sikuridhika,
nikabaki na kisu mkononi
nikijipapasa kiuno.

Matembele sasa hayana matobo.
Konokono waliokuwa wakila usiku kuliko sisi mchana
wamepungua, sijui kama ni yeye,
sijamwona akila, nimeona tu
jinsi anavyofumba macho akimeza,
kama mtu anayesali upesi.
(Basi nimemwona. Mara moja, kumbikumbi, chini ya taa.)

Baba mwenye nyumba alikuja Jumapili na futi kamba.
Atamwaga zege uani, bajaji zake zilale.
Alipima tuta, akapima mtaro,
akaweka kokoto nne kwenye pembe
na hakuuliza nani anakaa hapo.

Nimeandika kwa chaki juu ya mfuniko:
GONGA KABLA YA KUFUNUA.
Mvua imefuta GONGA.

Leo usiku nimepima mwenyewe, kwa miguu.
Kutoka sandukuni hadi mtaroni
ni hatua zangu kumi na mbili.
Zake sijui.