Unga wa Jenerali

Miaka kumi na mitano nilimpaka unga kichwani
Jenerali Anselme de Vaucroix, nami nikimeza mate:
kila kiganja, mkate wa mtoto wangu.

Mapinduzi yalipobisha, alifungua mwenyewe.
Aking'oa vifungo vyenye nembo ya babu zake,
akalikata jina lake kama mkia wa farasi:
Raia Vaucroix. Akaenda mpakani kuilinda Jamhuri.

Daraja moja likamponyoka kwenye ukungu wa Meuse.
Daraja moja tu.
Wakalikumbuka jina refu.

Alfajiri wakaniita, nije na mkasi,
shingo iwe wazi.
"Bastien," akasema, "safari hii usinipake."
Nikakata.
Nywele zikamwangukia magotini, nyeupe pee.
Sijui ni tangu lini hazihitaji unga.